Kilichoota Sahanini

Februari 1859, Richard Burton na John Hanning Speke, wakiwa wametoka safari ya maziwa makuu, walipanda chombo Konduchi wakashika njia ya kusini kuelekea Kilwa. Nia yao ilikuwa waikague na delta ya Rufiji, ambayo wachora ramani wa Ulaya walikuwa wakiibahatisha tu. Hawakuingia. Kipindupindu kilikuwa kimeukamata mwambao. Kilwa walikuta maiti zimeachwa ufukweni bila kuzikwa, na mabaharia wao wenyewe wakaanza kuugua. Burton akageuza tanga.

Burton alikuwa mwandishi asiyechoka, na mambo ya Kilwa aliyaeleza kwa kirefu. Kitu kimoja hakuweza kukieleza, wala hakuna aliyekuwapo pale angeweza: ni nini hasa kilichokuwa kikiua. Miaka mitano nyuma, huko Florence, Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa amekwisha kukiona kiumbe hicho kwa hadubini, kimepinda kidogo na kinakwenda mbio, ndani ya matumbo ya waliokufa kwa kipindupindu. Alichapisha, wakubwa wa tiba wakapuuza.

Kipindupindu kiliporudi Unguja mwaka 1869 na 1870, daktari wa Kiskochi James Christie aliamua kukifuata nyayo. Hakuwa na maabara. Aliwahoji manahodha, wapagazi na wafanyabiashara wa misafara, akaunganisha maneno yao mpaka akapata njia ugonjwa uliyopita kutoka kaskazini, ukavuka bara na kushuka pwani. Kitabu chake cha 1876 kuhusu milipuko ya Afrika Mashariki bado ni kazi ya kuheshimiwa, na pengine ndicho kielelezo bora cha umbali ambao daktari anaweza kwenda kwa masikio na daftari peke yake. Anaweza kujua ugonjwa umetoka wapi. Hawezi kujua kama wa mwaka huu ndio ule wa mwaka jana.

Jibu la swali la Burton lilitolewa rasmi na Robert Koch, aliyekiotesha kimelea hicho katika safari zake za Alexandria na Calcutta mwaka 1883 na 1884. Koch huyohuyo alifika Dar es Salaam mwaka 1897, akaweka hadubini yake karibu na bahari, mwendo wa siku chache tu kaskazini ya delta. Lakini wakati huo shughuli yake ilikuwa malaria na magonjwa ya mifugo. Kipindupindu kilikuwa kimetulia upande huu wa dunia, na kingetulia kwa miongo mingi.

Kilichokuja kukiamsha kilikuwa mlango mwingine wa ukoo uleule. Mwaka 1905, kwenye kituo cha karantini cha El Tor katika rasi ya Sinai, ambako mahujaji walikaguliwa, kilipatikana kimelea kilichofanana na cha kipindupindu lakini chenye tabia zake. Kwa muda mrefu wataalamu walikiona cha kawaida tu. Mwaka 1961 kikatoka Sulawesi, Indonesia, kikaanza kusambaa, na mpaka leo wimbi hilo, la saba katika historia ya dunia, halijakoma. Kiligusa Afrika mwaka 1970. Tanzania iliandika wagonjwa wake 10 wa kwanza mwaka 1974.

Kisha ikaja Oktoba 1977, na safari hii ugonjwa ulianzia Rufiji, kwenye delta.

Mtu anayeijua delta hatashangaa. Mto unagawanyika matawi mengi kabla ya kufika baharini, na katikati ya matawi kuna visiwa vya mikoko, mashamba ya mpunga na vijiji ambavyo usafiri wake ni mtumbwi. Maji yapo kila upande, ya kunywa ni machache. Bahari ikijaa, chumvi hupanda ndani ya mito. Mto ukifurika, kila kilichokuwa juu ya ardhi huingia kisimani. Sayansi ya miaka iliyofuata ilikuja kuonyesha kwamba vibrio, kimelea cha kipindupindu, si mgeni wa tumbo la binadamu peke yake. Makao yake mengine ni maji ya milango ya mito, pale chumvi na maji baridi yanapokutana, na hupenda kujishikiza kwenye vijidudu vidogo vyenye magamba vinavyoelea humo. Ungemwomba kimelea huyo achague makazi kwenye ramani ya Tanzania, angeweka kidole kati ya Salale na Mbwera.

Juu zaidi ya mto hali ilikuwa nyingine, lakini si salama. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamisha maelfu ya watu kutoka bondeni na kuwapanga katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi iliyoinuka. Mkongo, upande wa kaskazini wa mto, ni mmoja wa vijiji vya ukingo huo. Watu walihamia juu, mashamba yakabaki chini. Msimu wa kilimo familia zilishuka kukaa bondeni, zikilala kwenye madungu ili kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Huko hakuna bomba wala choo cha shimo kirefu. Maji ya mto ndiyo maji.

Hospitali ya wilaya ilikuwa Utete, ng'ambo ya kusini. Mgonjwa wa Mkongo sharti avuke mto ndipo aifikie. Wakati huo Kibiti yote ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji, na Daraja la Mkapa pale Ndundu lingefunguliwa mwaka 2003 tu. Robo karne nzima mbele. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa ya mchanga na tope, na mvua kubwa zikishuka ilifungwa. Jambo hili la barabara ni la maana kwa habari yetu, kwa sababu kilichokuwa kinasafiri humo hakikuwa wagonjwa tu. Kulikuwa na vijichupa.

Ikumbukwe kwamba mgonjwa wa kipindupindu hahitaji maabara ili atibiwe. Macho yamedidimia, ngozi ikibanwa hairudi, anatoka maji yanayofanana na yaliyooshewa mchele. Hata mlinzi wa zahanati anaujua ugonjwa huo. Kinachomuua ni kukaukiwa, na kinachomponya ni kurudishiwa maji na chumvi haraka kuliko anavyovipoteza. Mwaka 1971, kambini Bangaon, mpakani mwa India na Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba maji yenye sukari na chumvi, ya kunywa kwa kikombe, yanaweza kushusha vifo kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Basi maabara ni ya nini?

Ni ya kujua tabia. Jina la ugonjwa Rufiji ilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Tabia ya kimelea chenyewe, kinaogopa dawa gani, kinacheka dawa gani, kinabadilika au kimesimama palepale, hiyo haionekani kitandani kwa mgonjwa. Inaonekana sahanini tu.

Utaratibu uliokuwa umezoeleka duniani kufikia miaka ya 1970 ulikuwa wa subira. Kijiti chenye pamba huchovywa kwenye kinyesi na kutumbukizwa ndani ya kichupa cha rojo maalumu isiyolisha vimelea bali huviweka hai njiani. Kikifika maabara, sampuli huwekwa kwanza kwenye maji ya peptoni yaliyofanywa kuwa na magadi. Bakteria wengi wa utumboni hawayapendi. Vibrio huyafurahia, na baada ya saa sita hadi nane huwa amezaliana na kupanda juu, karibu na hewa. Fundi huchota pale juu kwa kitanzi cha waya na kuchora kwenye sahani ya TCBS, chakula cha kijani kilichobuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Asubuhi yake, kama ndiye, sahani ina vidoa vya manjano, kwa kuwa vibrio wa kipindupindu huchachusha sukari iliyomo na kuibadilisha rangi.

Manjano peke yake si ushahidi. Kidoa huchukuliwa na kuchanganywa juu ya kioo na tone la seramu ya kundi O1. Kikigandamana vipunje vipunje, ni yeye. Seramu nyingine huamua kama ni Ogawa au Inaba. Halafu huulizwa ukoo: ni yule wa zamani wa Koch au ni El Tor? Kipimo kimoja kilichopendwa ni kidonge cha karatasi chenye polimiksini B, kinachowekwa juu ya sahani. Vibrio wa zamani hufa kukizunguka. El Tor huota hadi ukingoni mwake bila wasiwasi. Kipimo hiki ni rahisi na bei yake ni ndogo, na vizazi vya wataalamu wa maabara, kutoka Dhaka hadi Dar es Salaam, wamekitegemea.

Mwisho ndipo hupangwa vidonge vingine vya karatasi, kila kimoja na dawa yake, juu ya sahani iliyosambazwa vimelea. Penye dawa inayofanya kazi hubaki duara tupu, na fundi huipima kwa rula, milimita kwa milimita. Duara pana, dawa inafaa. Duara likifinyika, pana jambo.

Dawa ya wakati ule ilikuwa tetrasaiklini. Vitabu vyote viliitaja, na kwa haki: mgonjwa anayepewa dawa inayofaa huacha kuharisha mapema, huhitaji dripu chache, na huacha upesi kumwaga vimelea. Katika nchi ambayo dripu zilihesabiwa moja moja, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini Tanzania haikuishia kwa wagonjwa. Ugonjwa ulipotoka delta na kupanda na mwambao, kisha kuingia mikoa mingine, tetrasaiklini ilitolewa kwa wingi pia kama kinga, kwa watu wazima wa afya waliokuwa karibu na wagonjwa. Ukiwa mganga mkuu wa wilaya, una kijiji kinachozika kila siku na una ghala la vidonge, ni vigumu kuviacha ghalani. Anayewalaumu watu hao leo amesahau kwamba vidonge vilikuwapo na visima salama havikuwapo.

Muhimbili, katika idara ya mikrobiolojia ya kitivo cha tiba, Fredrick Mhalu na wenzake P. W. Mmari na J. Ijumba walikuwa wanafanya kitu kinachochosha na kisicho na sifa: kupima tena kile kilichokwisha kupimwa. Vimelea vya mwezi wa kwanza wa mlipuko vilipimwa dhidi ya tetrasaiklini. Vyote vilikufa. Maabara nyingi zingeridhika hapo, zikaandika "inafaa" na kuokoa sahani kwa kazi nyingine, maana sahani na vidonge vya karatasi vilinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Wao waliendelea. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne.

Baada ya miezi mitano ya kuitumia dawa hiyo kwa wingi, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu dhidi ya tetrasaiklini.

Si kushuka kidogokidogo kwa miaka, kama ilivyozoeleka kudhaniwa. Ni kutoka sifuri hadi robo tatu ndani ya miezi michache tu ya ugonjwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet Februari 1979, kurasa tatu tu, na hadi leo yangali yakitajwa katika maandiko ya usugu wa vimelea. Kabla ya hapo usugu wa vibrio ulijulikana kama kitu cha nadra, sampuli moja hapa na nyingine pale. Rufiji na mikoa iliyoambukizwa baada yake iliupatia ulimwengu mfano wa kwanza mkubwa wa mlipuko mzima kubadilika tabia huku ukitazamwa.

Ilibaki kujua ni kwa njia gani. Baadhi ya vimelea vilisafirishwa hadi Nottingham, Uingereza, na mwaka 1980 Mhalu, pamoja na Kevin Towner na wenzao wa huko, wakachapisha jibu katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Ndani ya vimelea sugu kulikuwa na plazimidi: kipande cha mviringo cha DNA kinachoishi nje ya kromosomu na kinachoweza kupita kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, hata wa jamii tofauti. Plazimidi za Tanzania ziliwekwa katika kundi linaloitwa C, na hazikubeba usugu wa tetrasaiklini peke yake. Zilibeba kinga dhidi ya dawa kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Sasa mambo yanaeleweka. Mtu mzima wa afya anayemeza tetrasaiklini kwa siku kadhaa anaua bakteria wengi wa tumbo lake, isipokuwa wale wachache ambao tayari wana kinga. Hao hubaki na nafasi yote. Akija kunywa maji yenye vibrio, mgeni anakutana na wenyeji walioteuliwa na dawa yenyewe, na plazimidi hupita mkono kwa mkono. Vidonge vya kinga, vile ambavyo mitaani viliitwa "rangi mbili", vilikuwa vinamwandalia kimelea shule. Haya ndiyo maelezo yanayopatana zaidi na ushahidi, na ni mojawapo ya sababu ambazo Shirika la Afya Duniani halishauri kugawa dawa kwa umma wote ili kuzuia kipindupindu.

Wakati maabara inahesabu milimita, ugonjwa haukungoja. Mwaka 1978 ulifika Zanzibar, ukaanzia katika kijiji cha wavuvi: wagonjwa 411, waliokufa 51. Usugu wa aina hiyo ulijitokeza pia Bangladesh mwishoni mwa muongo huo, na Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mhalu mwenyewe alirudi kwenye kurasa za Lancet mwaka 1984, safari hii na wenzake F. D. E. Mtango na A. E. Msengi, kueleza milipuko ambayo haikuhitaji mto wala kisima: kipindupindu kilichoenea ndani ya hospitali, kutoka kwa mgonjwa hadi mgonjwa wa karibu yake. Wodi iliyojengwa kuponya ilikuwa imegeuka njia ya ugonjwa, na bila kuotesha kinyesi cha waliokuwa humo isingejulikana. Katika miaka hiyohiyo, idara yake ikawa miongoni mwa za kwanza nchini kuanza kutumia kipimo kingine kipya kabisa, cha UKIMWI.

Miaka ile ya mlipuko wa Rufiji ilikuwa migumu kwa maabara zenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka uleule wa 1977, na pamoja nayo ukavunjika mtandao wa taasisi za utafiti zilizogawana kazi: virusi Entebbe, malaria Amani, vimelea vya matende na kichocho Mwanza. Sampuli ambayo jana ilipandishwa ndege kwenda Entebbe kama kwenda nyumbani, leo ilikuwa inakwenda nchi ya kigeni, na mwaka mmoja baadaye nchi hiyo ilikuwa vitani na Tanzania. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979 ili kukusanya vipande vilivyobaki.

Kipindupindu hakikuondoka tena. Tangu 1977 kiliripotiwa kila mwaka, na 1992 kikalipuka kuliko wakati wowote kabla: wagonjwa zaidi ya 18,000 na vifo zaidi ya 2,000. Mtu mmoja katika kila tisa waliougua alikufa, nchi ikiwa tayari na miongo miwili ya maarifa ya maji ya chumvi na sukari. Maabara haiwezi kulaumiwa kwa hilo, wala haiwezi kulitatua.

Rufiji ilirudi kwenye ramani ya vipimo kwa mlango mwingine. Mwaka 1998 Wizara ya Afya, kwa mradi ulioungwa mkono na Kanada, ilianza kuzihesabu kaya za sehemu ya wilaya hiyo kwa utaratibu wa kudumu, kituo kikiwa Ikwiriri: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa na kwa nini. Watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara na wenzao wa Marekani waliufuata mkondo huo. Swali lao lilikuwa malaria, na lilikuwa kinyume cha lile la 1977. Kwenye kipindupindu kila mtu alijua jina, hakuna aliyejua tabia. Kwenye homa, kila mtu alidhani anajua jina.

Kwa miaka mingi homa Rufiji ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na hapakuwa na cha kuithibitishia vinginevyo. Klorokwini iliyouzwa kwa shilingi chache ilivumilia uzembe huo. Iliposhindwa, na nchi ikahamia kwenye dawa za mseto zenye artemisinini zilizokuwa ghali mara kadhaa, ikabidi kila kidonge kimfikie mwenye vimelea kweli. Zahanati hazikuwa na hadubini. Zilizokuwa nayo mara nyingi hazikuwa na umeme, au rangi ya kupakia damu, au fundi. Ndipo kikaja kipimo cha haraka, kipande cha plastiki kinachohitaji tone la damu na dakika 15.

Kati ya Septemba 2006 na Aprili 2007, vipimo hivyo viliwekwa katika vituo tisa vya afya wilayani Rufiji kwa wagonjwa wa miaka mitano na kuendelea. Wazo la watafiti lilikuwa la busara: kila aliyepimwa kwa kipande hicho alitolewa pia damu ikapakwa kwenye kioo, ikasomwa palepale kituoni, kisha vioo vyote vikasomwa upya na mtaalamu mmoja wa kiwango cha juu. Hivyo waliweza kukipima kipimo, na kuwapima wapimaji.

Kipimo cha haraka kiliwanasa asilimia 90.7 ya wenye vimelea. Kwa wasio navyo kilikosea zaidi: asilimia 73.5 tu ndio walioambiwa kweli kwamba hawana. Sehemu ya kosa hilo haitokani na mikono ya mtu. Kipande hicho kinatafuta protini inayotolewa na vimelea, na protini hiyo hubaki ikizunguka kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Mahali ambapo watu huugua malaria mara kwa mara, kama bondeni, kipimo huendelea kuonyesha vita vilivyokwisha. Vituo navyo vilitofautiana mno, kimoja kizuri, kingine kibovu, na hakukuwa na mwongozo wa kutosha wa kimataifa wa jinsi ya kukagua ubora baada ya vipimo kufika kijijini. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kule Geneva walikuwa wameandika kwa urefu namna ya kuvijaribu kabla havijatoka bohari. Yanayovipata juu ya pikipiki kwenye jua la Januari, kati ya Kibiti na Mkongo, waliyaachia wengine.

Nje ya Rufiji, hospitali za Moshi zilikuwa zinapata funzo kali kuliko hilo. Kati ya 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa na homa walifuatiliwa kwa vipimo vya kina. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria 528 kati yao. Waliokuwa nayo kweli, baada ya maabara kusema, walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, homa ya mgunda, homa zitokanazo na kupe, chikungunya, ambayo virusi vyake vilipatikana kwa mara ya kwanza kutoka kwa wagonjwa wa nyanda za Makonde, Newala, mwaka 1953. Moshi ni ya baridi na malaria yake ni kidogo. Tarakimu za pale hazihamishiki kuja Rufiji kama zilivyo. Ila homa ya mgunda inayopita kwenye maji yenye mkojo wa panya, katika bonde la mpunga linalofurika? Ni vigumu kuamini kwamba haipo.

Agosti 2015 kipindupindu kilianza upya Dar es Salaam, kikasambaa nchi nzima na kudumu takriban miaka mitatu, kikagusa watu zaidi ya 30,000 na kuua zaidi ya 500. Lakini maabara za wakati huu zilikuwa na silaha ambayo Mhalu hakuwa nayo: kusoma jenomu nzima ya kimelea, herufi kwa herufi. Mwaka 2017 François-Xavier Weill wa Taasisi ya Pasteur, Paris, na wenzake wengi, Waafrika miongoni mwao, walichapisha katika jarida la Science usomaji wa vimelea 1,070 kutoka nchi 45 za Afrika, vilivyokusanywa kwa karibu nusu karne. Walikuta kwamba tangu 1970 kimelea cha wimbi la saba kiliingia Afrika angalau mara 11, kila mara kutoka nje, na njia zake kuu zilikuwa mbili: Afrika Magharibi, na Afrika Mashariki na Kusini.

Vile vya zamani vilifika vikiwa vinaogopa dawa, usugu vikauokota hukuhuku, kama Tanzania ilivyoona. Kuanzia mwaka 2000, vilivyoingia kutoka Asia vilikuja na usugu wao tayari, umeshonwa ndani ya kromosomu yenyewe, na vikavisukuma pembeni vilivyovitangulia. Swali ambalo James Christie asingeweza kulijibu, kama ugonjwa wa mwaka huu ni ule wa mwaka jana, sasa lina jibu la uhakika, mradi tu kuna mtu aliyekumbuka kuhifadhi sampuli kwenye friji.

Miaka miwili baadaye kundi lilelile likageukia Yemen, ambako kipindupindu kilikuwa kimeshika watu zaidi ya milioni moja tangu 2016. Vimelea vya Yemen, walikuta, vilitoka Asia Kusini, lakini kabla ya kuvuka kwenda Uarabuni vilikuwa vimekwisha kusababisha milipuko Afrika Mashariki. Na vilikuwa na tabia isiyotarajiwa. Vilikuwa vimepoteza sehemu ya usugu wao, hata dawa kadhaa za kawaida zikawa zinaviua tena. Zaidi ya hapo, vilikuwa vinakufa mbele ya polimiksini B. Kidonge kile cha karatasi, kilichotenganisha El Tor na mwenzake wa zamani tangu kabla ya mlipuko wa Rufiji, kingewekwa juu ya sahani ya vimelea hivyo, duara tupu lingetokea, na fundi aliyefuata kitabu angeandika kwamba aliyerudi ni vibrio wa Koch.

Vitabu vya maabara vimeanza kurekebishwa. Sampuli ya mtu aliyeharisha Mkongo leo husafiri kwa barabara ya lami kutoka Kibiti, kilomita kama 140 hadi Dar es Salaam, na kipimo cha polimiksini B hakichukuliwi tena kuwa ushahidi wa peke yake.